Midomo ya zambarau

Mamangu ndiye aliyeona mwanzo. Alikuwa barazani amempakata mwanangu, akamtazama mdomoni kwa muda, kisha akanigeukia. "Huyu mmempa zambarau?" Nikamjibu, zambarau zitoke wapi, mama, na msimu wake haujafika. Hakusema kitu. Alishika ncha ya leso yake, akaitia mate, akamfuta mtoto midomo polepole, mara mbili, mara tatu. Rangi haikutoka.

Mtoto alikuwa na mwaka na miezi minne. Ndiye kitinda mimba wangu, na wakati huo tulikuwa tumeshaambiwa ana pumu. Zahanati tuliyokuwa tukienda ilimpa dawa ya maji ya kifua, chupa juu ya chupa, nami nilimnywesha bila kukosa hata siku moja, kwa imani yangu yote. Siitaji, maana sitafuti kesi. Lakini katika miezi yote ile hakuna aliyemwambia mtoto atoe ulimi. Kwa ngozi zetu nyeusi, ubuluu wa kukosa oksijeni hauonekani kwa urahisi shavuni wala mkononi. Hutafutwa kwenye ulimi, kwenye ufizi na chini ya kucha, tena kwenye mwanga wa mchana.

Mwezi uliopita mama mmoja alikuja dukani kwangu Majengo, Mombasa, kushonesha sare ya shule ya mwanawe mkubwa. Mgongoni alikuwa na kijana wa miaka mitatu hivi, mwenye midomo ile ile. Mimi ni fundi cherehani, mtu nampima kwa macho kabla sijashika futi. Kumbe ameshapewa tarehe ya upasuaji wa moyo. Aliposikia habari za mwanangu aliketi kwenye benchi, akaniuliza swali moja: "Siku yenyewe ya operesheni huwa vipi, dadangu?" Nikafungua mdomo nimjibu, nikaona ya siku hiyo sina mengi. Siku hiyo nilikaa kwenye kiti cha plastiki. Niliyo nayo ni ya kabla na ya baada, na hayo nilimweleza mpaka magharibi ikaadhiniwa, sare haijakatwa. Haya ninayoandika ni yale niliyomwambia, pamoja na mengine yaliyonijia usiku nikiwa nimelala macho.

Watu husema "ana tundu la moyo", na karibu mtoto 1 kati ya kila 100 huzaliwa na moyo wenye kasoro ya namna fulani. Tundu dogo lililo peke yake aghalabu hujiziba lenyewe. La mwanangu halikuwa peke yake. Alikuwa na mambo manne kwa pamoja: tundu kwenye ukuta unaotenga vyumba viwili vya chini vya moyo, njia ya damu kwenda mapafuni imebana, mshipa mkuu, aota, umekaa juu ya lile tundu ukinywa damu ya pande zote mbili, na chumba cha kulia kimenenepa misuli kwa kusukuma penye kizuizi. Daktari wa Ufaransa, Étienne-Louis Arthur Fallot, aliyaeleza mambo hayo manne akiwa Marseille mwaka 1888, na mpaka leo yanaitwa tetralojia ya Fallot. Damu isiyopita mapafuni inarudi mwilini bila oksijeni. Ndiyo zambarau ile aliyoiona mamangu.

Kabla mimi sijalijua jina hilo, mwanangu alikuwa ameshajivumbulia dawa. Alipoanza kukimbizana na wenzake uani, alikuwa akifika mahali anachutama, magoti kifuani, kichwa chini, kama anayetafuta shanga mchangani. Akikaa hivyo kidogo huinuka akaendelea. Tulidhani ni mchezo wake. Muuguzi wa kliniki ya chanjo alimwona akichutama kwenye foleni, akaacha kadi mezani, akaja akachutama naye, uso kwa uso. "Mama, hivi anafanya mara ngapi kwa siku?" Mtu akiniuliza ni nani aliyemwokoa mwanangu, huwa naanza kumtaja muuguzi huyo ambaye hata jina lake sikulishika. Wiki ile ile tulikuwa hospitali ya Makadara kwa kipimo cha eko, picha ya moyo inayopigwa kwa mawimbi ya sauti, na ile hadithi ya pumu ikaishia hapo.

Kuchutama kunasaidia hivi. Mishipa ya mapajani ikikunjwa, damu inakosa njia nyepesi ya kushuka miguuni, shinikizo la upande wa mwili linapanda, na sehemu kubwa zaidi ya damu inalazimika kupita ile njia nyembamba ya mapafuni. Mtoto asiyejua hata kuhesabu moja mbili alikuwa anayajua hayo kwa mwili wake.

Nikafundishwa kumkunja mwenyewe pale asipoweza. Watoto wa Fallot hupatwa na vipindi vya ghafla: baada ya kulia sana, asubuhi akiamka, akijikakamua chooni, njia ile hujibana zaidi, mtoto anakuwa mweusi wa buluu, anahema kwa kasi, kisha analegea. Kilimpata kwenye feri ya Likoni, tukitoka ng'ambo kwa shangazi yake, saa nane ya mchana, watu tumebanana na jua la kichwa. Alilia kwa ajili ya kiatu kilichomvuka, basi, kiatu tu. Nikaona macho yanageuka. Watu wakataka kusaidia, na watu wa Mombasa wakitaka kusaidia wanasaidia kweli: mmoja anasema mnyoosheni apate hewa, mwingine ameshafungua chupa ya maji amwagie, bibi mmoja ameanza kumsomea. Nikakaa chini palepale kwenye bati la feri, nikamweka kifuani pangu, mgongo wake umeniegemea, nikamkunja magoti mpaka yakamgusa kidevu, nikamsemesha sikioni kwa sauti ndogo. Nilikuwa natetemeka lakini sauti nilizuia isitetemeke, kwa sababu niliambiwa hofu ya mama humwingia mtoto, na mtoto akilia zaidi njia inabana zaidi. Yule bibi aliendelea kusoma, nami namshukuru mpaka leo, maana sauti yake ilikuwa ya kulaza mtoto. Feri ilipogusa upande wa kisiwani midomo ilikuwa imeanza kurudi, na tuktuk ikatupeleka moja kwa moja hospitali. Kipindi kikimpata hata kikipita, hospitali ni lazima.

Lakini mtihani wetu mkubwa haukuwa feri. Ulikuwa meno.

Mtoto mgonjwa kwenye ukoo wa Kiswahili haendewi mikono mitupu. Kila aliyekuja kumwona alikuja na kitu: kashata, visheti, halua, peremende za dukani. Mamangu ndiye aliyekuwa kinara. Alikuwa akisema, "Mwacheni ale kinachompendeza, masikini, nani ajuaye." Nami sikumkataza, kwani ndani yangu nilikuwa nikisema vivyo hivyo. Kisha chakula chenyewe kilikuwa kinamchosha. Mtoto wa namna hii hula vijiko vitatu akahema, na kitamu kilikuwa kinaingia bila vita. Tukafika siku ya ukaguzi wa kabla ya upasuaji, kila kitu kimetimia, mchango wa familia umekamilika, bima imekubali (zama zile bima ya afya ya taifa ilikuwa bado NHIF). Daktari akamulika tochi kinywani. Magego mawili yameoza, moja lina usaha. Tarehe ikafutwa.

Nililia kwa hasira kubwa, nikiona tunaonewa kwa ajili ya jino la utoto litakalong'oka lenyewe. Daktari alinivumilia mpaka nikanyamaza. Akanieleza kwamba vijidudu vya jino bovu huingia kwenye damu, na ndani ya moyo wenye kasoro, tena utakaotiwa kiraka kipya, hupata pa kujibanza na kuzaana. Maambukizi ya moyo ya aina hiyo huua mtoto ambaye upasuaji wake ulifanikiwa. Basi meno yang'olewe, fizi zipone, ndipo turudi. Tulipoteza wiki saba. Niliporudi nyumbani na habari hiyo mamangu alikaa kimya jioni nzima, kisha akaenda jikoni, akatoa kopo la kashata, akamwita mtoto wa jirani akampa lote. Hatukulizungumza tena. Kuanzia siku ile yeye ndiye aliyempigisha mswaki asubuhi na usiku, kwa mikono yake.

Kulikuwa na mengine ya kabla ambayo nayapitia kwa haraka. Chanjo zote zitimie. Mafua yakimshika wiki ya safari, sema, usifiche kwa kuogopa kuahirishiwa, kwa sababu kifua chenye mafua hakiwezani na mashine ya kupumulia. Na dawa ya madini ya chuma: nilishangaa kuandikiwa, maana nilikuwa nimeambiwa damu yake ni nzito kupita kiasi. Nikaelezwa kwamba mwili unaokosa oksijeni hutengeneza chembe nyekundu nyingi ili kufidia, chuma kinamalizika, na chembe zinazotoka bila chuma cha kutosha zinabeba vibaya. Damu nzito ikikaukiwa maji inaweza kuganda na kwenda kupiga ubongo. Kwa hiyo mtoto huyu akiharisha au akitapika, na joto letu hili la kaskazi, hungoji kesho.

Rufaa yetu ilikuwa ya Nairobi. Hospitali za Kenya zinazofungua moyo wa mtoto zinahesabika kwa vidole: Nairobi zipo, mojawapo ni Mater, ambayo mbio zake za hisani za kuchangia watoto wa moyo zilianza 1993, Bomet iko Tenwek. Ndugu zetu wa Dar es Salaam wana Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete tangu 2015. Sisi wa Pwani ni watu wa safari. Na safari yenyewe ni sehemu ya matibabu, jambo ambalo sikuambiwa na mtu mpaka muuguzi mmoja aliponivuta kando. Mombasa iko usawa wa bahari. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu yake, na kila pumzi ya kule ina oksijeni pungufu kwa kiasi cha moja ya tano ukilinganisha na ya kwetu. Mtu mzima hahisi, au huhisi akipanda ngazi. Mtoto anayeishi na akiba kidogo anahisi.

Tulipanda treni Miritini asubuhi, na oksimita ya kidole tuliyoazimwa, kimashine cha kupima oksijeni ya damu, ikasema asilimia 81. Voi, 79. Baada ya Mtito Andei mwanangu aliacha kuchungulia tembo dirishani, akajikunja mwenyewe kwenye kiti. Nairobi ikasema 73. Nilikuwa nimeonywa, basi sikupagawa: tulifika siku nne kabla, hospitali ikijua, akazoea chini ya macho ya wauguzi. Neno moja juu ya kimashine hicho. Tafiti zilizotoka tangu 2020 zimeonyesha kwamba kwa ngozi nyeusi aghalabu huonyesha namba ya juu kuliko hali halisi. Basi namba iangalie, lakini ulimi wa mtoto uangalie pia.

Daktari mpasuaji alinichorea moyo nyuma ya karatasi. Alipojua kazi yangu alicheka kwa furaha, akasema basi sisi ni wa ufundi mmoja. Tundu litatiwa kiraka. Njia iliyobana itapasuliwa na kuongezwa kipande ipanuke. Nikamwambia, kama mkono wa kanzu unaobana, unatia kikwapa. Akaniuliza kikwapa ni nini, nikamwonyesha kwenye kanzu ya mume wangu aliyekuwa amekaa pembeni. "Hasa," akasema. Na kipande hicho mara nyingi hukatwa kwenye utando unaoufunika moyo wa mtoto mwenyewe. Kiraka cha nguo ile ile. Hapo roho yangu ikatulia kuliko kwa maneno yote niliyokuwa nimeambiwa, kwa sababu nilielewa kwa mikono.

Usiku wa kuamkia siku hiyo ni wa njaa na kiu, na njaa ina kanuni zake. Maziwa ya kopo au ya ng'ombe huzuiwa kwa muda wa saa 6 kabla ya nusukaputi, maziwa ya mama kwa saa 4, na maji matupu huruhusiwa mpaka saa 2 kabla, hospitali nyingine siku hizi hata 1. Sababu ni asije akatapika usingizini yakaingia mapafuni. Wengi wetu, kwa kutaka kuwa waangalifu, tunamfungisha mtoto tangu isha. Kwa mtoto wa damu nzito huo si uangalifu. Wangu alikuwa wa pili kwenye orodha, na wa kwanza akachukua muda. Saa tano nikaenda mezani: "Sista, huyu hajapata maji tangu alfajiri, na dripu hana." Aliruka palepale. Mama unaruhusiwa kuuliza hivyo, na muuguzi mzuri hachukii.

Aliyekuja kutia dripu alifanya jambo ambalo bado naliona nikifumba macho. Aliunyoosha mpira kwenye mwanga wa dirisha, akaukagua toka juu hadi chini, akaona kiputo cha hewa kidogo kama kichwa cha pini, akaugonga kwa ukucha, taratibu, mpaka kiputo kikapanda na kutoka. Akakagua tena. Kwa mgonjwa mwingine kiputo kama hicho hunaswa kwenye mapafu na kuishia huko. Kwa mwanangu, palipo na tundu, kinaweza kuvuka upande wa pili na kwenda kwenye ubongo. Kwa hiyo kila mpira, kila sirinji, kila mara. Nilihesabu, alirudia mara nne.

Nilimbeba mwenyewe hadi mlango wa thieta. Daktari wa nusukaputi aliniambia nisimwage machozi mbele ya mtoto, na kama yanakuja niyageuze wimbo. Nikamwimbia. Mlango ukafungwa akiwa bado anatikisa mguu kwa mdundo.

Kisha ni ile siku ya kiti cha plastiki. Muda wa saa saba. Mume wangu alikuwa akitembea, mimi nilikuwa nikisoma kwenye simu habari za watu waliotangulia kuifanya kazi hii, na niliyemshika moyoni ni Vivien Thomas. Alikuwa Mmarekani mweusi, mtoto wa seremala na yeye mwenyewe fundi seremala, aliyetaka kusomea udaktari na fedha zikakosa. Akaajiriwa maabara kwa daraja la mfagizi, na huko akaivumbua kwa mikono yake, kwa kufanyia majaribio mbwa, namna ya kuunganisha mshipa wa mkono na ule wa mapafu ili damu ya watoto wa zambarau ipate njia. Wazo lilikuwa la daktari wa watoto Helen Taussig, mwanamke aliyepoteza usikivu akajifunza kuusikiliza moyo kwa vidole vyake. Tarehe 29 Novemba 1944, Baltimore, daktari Alfred Blalock alimpasua mtoto wa kwanza, na Thomas alisimama juu ya kigoda nyuma ya bega lake akimwelekeza kushona. Hata sindano zile alizipunguza urefu yeye. Mashine ya kuushikia moyo na mapafu kazi ili moyo ufunguliwe ilikuja baadaye. John Gibbon aliitumia kwa mafanikio mara ya kwanza Philadelphia, 6 Mei 1953. Nilikuwa nimekaa pale moyo wa mwanangu umesimamishwa na mashine kama ile inapumua na kupiga badala yake, nikimwombea dua fundi seremala aliyekufa zamani.

Alitoka jioni. Daktari akasema kazi imekwenda vizuri, nami nikadhani tumemaliza. Muuguzi wa zamu ya usiku ICU, chumba cha wagonjwa mahututi, mwanamke wa makamo mwenye sauti nzito, ndiye aliyenirudisha chini. "Mama, sasa ndiyo tunaanza."

Usitazamie kumtambua mtoto wako. Mpira mdomoni, mpira puani, mpira wa mkojo, mipira miwili kifuani inayotoa damu kwenye chupa, nyaya nyembamba kama uzi zinazotokea chini ya kifua za kuushtua moyo ukizembea, na sirinji zinazojisukuma zenyewe kando ya kitanda. Uso umevimba. Mimi nilitazama mashine. Yule muuguzi alitazama mashine pia, lakini kila saa alifunua shuka na kushika miguu. Alianzia pajani, akashuka kwa mgongo wa mkono: goti, muundi, kifundo, vidole. Halafu akaandika. Nikamuuliza anatafuta nini. "Joto limefika wapi." Moyo ukiwa dhaifu huinyima miguu kwanza ili ulishe ubongo. Usiku ule joto la mwanangu lilikomea chini kidogo ya goti. Aliushika mkono wangu akaupitisha palepale, nikauhisi mpaka wenyewe, juu vuguvugu, chini baridi kama sakafu. Akanionya kwamba moyo uliotoka kwenye mashine hulegea kwanza kabla ya kukaza, na saa za kuchunga sana ni kati ya ya 6 na ya 12 baada ya kutoka. Akapima na mkojo, tone kwa tone. "Mkojo ukitoka, moyo umesalimika," alisema.

Saa tisa za usiku mapigo yakapanda ghafla, ya haraka na yasiyo na mpangilio wake. Daktari akaja mbio. Wakapunguza dawa moja, wakaongeza nyingine, kisha wakaanza kumpoza, vifurushi vya baridi kando ya mwili. Mimi nilikuwa nimeshika leso nimfunike. Mikono ilikuwa inakwenda yenyewe. Mtoto yu uchi, anapozwa, na mamake amesimama na leso. Muuguzi akaniambia kwa upole, "Si sasa, mama. Joto linaukimbiza moyo." Nikaikunja leso nikaikumbatia mimi. Mapambazuko mapigo yalikuwa yamerudi kwenye mstari. Mchana joto likafika kifundoni. Alasiri ya siku ya pili nilipitisha mkono wangu mwenyewe, na vidole vya miguu vilikuwa vya moto, vyote kumi. Na kucha zake, kwa mara ya kwanza tangu nimzae, zilikuwa za waridi.

Mpira wa mdomoni ulipotoka neno lake la kwanza lilikuwa "maji". Baada ya mashine mwili hushika maji, moyo na mapafu yakalemewa, kwa hiyo kila tone hupimwa. Nilipewa sirinji yenye mililita 5 na pamba ya kumlowesha midomo. Alinitazama kama mtu aliyesalitiwa. Chupa ilikuwa mkobani mwangu. Nilitoka nje, nikalia, nikarudi na chupa ikiwa bado na kizibo. Siijui kazi ya mama iliyo ngumu kuliko ile. Baadaye wakamfundisha kukohoa huku amekumbatia mto, na kupuliza mapovu ya sabuni ili mapafu yafunguke, na wodi nzima ya watoto ikawa inapuliza mapovu.

Tuliporudi Mombasa nyumba ilijaa. Mfupa wa kifua hupasuliwa na kufungwa kwa waya, na huchukua kama wiki 6 kushikana. Muda huo mtoto hanyanyuliwi kwa makwapa. Unatia mkono mmoja chini ya matako na mwingine mgongoni, unamchota. Nani Mombasa anamchota mtoto? Ami yake, mrefu kama mnazi, aliingia na mikono tayari imenyooshwa kumrusha juu kama zamani. Mamangu alikuwa ameshasimama mlangoni. "Kaa chini kwanza. Mikono umenawa?" Kila aliyekuja alipitia kwake, akafundishwa kuchota, na mwenye kikohozi akaomba dua barazani. Waliotaka kumfukiza udi kwa ajili ya kijicho tuliwawekea chetezo uani, mbali. Mafuta ya nazi na habasoda hayakugusa kidonda.

Wiki ya tatu alipata homa, akakataa chakula, akawa mzito mzito. Ingekuwa kabla, ningesema malaria na nikanunua dawa dukani. Lakini nilikuwa na karatasi ya hospitali ukutani, karibu na cherehani: homa, uchovu, kuhema, rudi siku hiyo hiyo. Eko ikaonyesha maji yamejikusanya kwenye utando unaouzunguka moyo, jambo linalotokea wiki chache baada ya upasuaji. Yalikuwa bado machache, akatibiwa kwa vidonge. Yangeachwa yakajaa yangeubana moyo.

Leo ana miaka minane na anakimbia. Watu huniuliza, amepona? Mimi husema ametengenezwa. Njia ile iliyopanuliwa haina tena mlango unaofunga sawasawa, damu huvuja kurudi nyuma kila pigo, na siku moja, pengine akiwa mkubwa, atahitaji vali mpya. Kila mwaka tunakwenda kupimwa. Fundi hawezi kutia kiraka akasahau mahali alipokitia.

Yule mama alisikiliza yote haya huku mwanawe amelala mapajani. Akaniuliza tena, tarehe yake ni wiki tatu zijazo, afanye nini kwanza? Kijana alikuwa ameamka. Nikamwambia, baba, hebu fungua mdomo tuone. Nikawasha taa ya cherehani nikaisogeza karibu. Gego la chini, upande wa kushoto, lilikuwa na shimo jeusi. Nikafunga duka, tukakubaliana tukutane Mwembe Tayari saa moja na nusu asubuhi, twende kwa daktari wa meno pamoja.